Kiitaliano chetu kibovu

Treni ya kasi kutoka Milano hadi Bologna huchukua kama saa moja, na mwishoni huzama chini ya ardhi na kukushusha kwenye majukwaa ya chini ya stesheni, yaliyofunguliwa mwaka 2013. Hilo nililisahau kabisa. Nilikuwa nimekaa dirishani nikisubiri kuona mapaa mekundu na ule mnara mrefu, nikajikuta gizani, kisha kwenye ngazi za umeme, moja baada ya nyingine, begi likinigonga visigino. Nilipotokeza juu nilikwenda moja kwa moja mahali tulipopatana: chini ya saa iliyosimama.

Saa hiyo iko ukutani, nje ya jengo la stesheni. Mishale yake imeganda kwenye saa 4:25 asubuhi, dakika ambayo bomu lililipuka katika chumba cha abiria tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Imeachwa hivyo kwa makusudi. Enzi zetu za uanafunzi tulikuwa tukikutania hapo kwa sababu ni mahali ambapo hata mgeni wa jana hapakosi, na rafiki yangu alikuwa na utani wake kwamba chini ya saa ile hakuna anayechelewa. Siku moja tuliingia kwenye chumba chenyewe tukasoma majina ya waliokufa, mmoja mmoja, pamoja na umri wao. Utani ule sikuusikia tena.

Alikuwa amefika kabla yangu. Nywele amekata, miwani ni mingine, lakini kusimama kwake ni kulekule, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, kama mtu aliye kwenye foleni. Tuliagana Julai 2014. Hii ilikuwa Aprili 2024. Tukakumbatiana, tukaachiana, nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Niseme hapa kwamba mimi na huyu Mkorea hatukuwahi kuwa na lugha. Kikorea sikijui, Kiswahili hakijui, na mwaka 2012 Kiingereza chake kilikuwa cha kitabuni, kila sentensi anaitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Urafiki wote tuliujenga kwa Kiitaliano, nacho kibovu, kile cha watu wawili walioachwa bila Mwitaliano wa kuwasahihisha. Sasa kimeshika kutu. Kiingereza chake kimenyooka kwa ajili ya kazi, changu pia, basi tukaongea Kiingereza. Safari ilikuwaje. Hoteli iko wapi. Kazini wanaendeleaje. Tulitembea hivyo karibu Via dell'Indipendenza yote, wastaarabu mno, kama watu waliokutana kwenye semina. Tumbo likanipoa. Nikawaza: siku tatu za namna hii?

Tulipokuwa tunavuka barabara, skuta ikapita inchi chache kutoka vidole vyangu vya miguu. Akanivuta mkono huku akinipigia kelele kwa Kiitaliano, na kitenzi akakinyambua vibaya vilevile alivyokuwa akikinyambua tangu 2012. Nikamjibu kwa kosa langu la siku zote. Tukatazamana. Kiingereza tukakiacha palepale kwenye kivuko.

Mara ya kwanza tulikutana posta. Mtu anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya akaja kusoma Italia hutakiwa kuomba kibali cha kuishi ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini, na fomu huchukuliwa posta, zikiwa kwenye bahasha kubwa. Siku ya 7 nilikuwa nimeegemea kaunta na kurasa zangu, nina kalamu ya bluu wakati fomu inataka wino mweusi. Msichana wa pembeni akanisukumia yake bila kuniangalia. Alikuwa amekwama ukurasa wa pili, na mimi nimekwama hapohapo. Tulijaza pamoja kwa saa mbili, kila mtu na kamusi yake, kila mtu akidhani mwenzake ndiye anayeelewa. Kalamu sikumrudishia. Ananidai mpaka leo.

Wiki ileile tulikwenda kuangalia vyumba vya kupanga, na mwenye nyumba akatuuliza umri. Rafiki yangu akajibu kwa fahari, ila akasahau kwamba neno la miaka kwa Kiitaliano lina n mbili na zote hutamkwa. Ukitamka moja, umemwambia mwenyeji wako kwamba una matundu 22 ya mahali pasipotajwa mbele za watu. Mimi sikugundua lolote, nikasema mimi ninayo 23. Mzee yule alikohoa, akaenda kufungua dirisha. Chumba alitupa.

Ila kilichotufunga hasa ni hesabu ya siku. Waitaliano wana neno moja la keshokutwa, dopodomani. Mwalimu alipolifundisha, wanafunzi waliotoka kwenye Kiingereza waliliona kama anasa fulani, maana kwao inabidi waunganishe maneno. Sisi wawili hatukushtuka. Jioni, jikoni, akaniambia kwao ni more. Nikamwambia kwetu ni keshokutwa. Akakaza macho, kama anayenitega: na inayofuata? Mtondo, nikasema. Akainuka kitini. Kwao ni geulpi! Na baada ya hiyo? Mtondogoo. Geugeulpi! Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Waitaliano wanaishia dopodomani. Kuanzia hapo huhesabu vidole. Tukawahurumia. Tangu usiku huo kila kazi isiyo na haraka, kufua mapazia, kumwandikia profesa, kurudisha kalamu, tuliipangia mtondogoo.

Na mnara wa Asinelli, ule mrefu, uliingia kwenye orodha hiyohiyo. Wanafunzi wa Bologna huambiana kwamba ukiupanda kabla ya kuhitimu, hutahitimu. Chuo chenyewe kinahesabu umri wake tangu mwaka 1088, kwa hiyo hatukuona sababu ya kubishana nacho. Miaka miwili tuliupita kila siku, mita 97, ngazi 498, bila kuukanyaga, tukiahidiana kwamba tutaupanda siku ya mwisho. Siku ya mwisho ndege yake ilikuwa ya alfajiri.

Sasa tumekuja kulipa deni, tumekuta uzio. Mnara wa jirani, Garisenda, ule mfupi ulioinama mpaka unaogopa kupita chini yake, ulionekana si salama, na tangu Oktoba 2023 yote miwili ilikuwa imefungwa. Nilianza kueleza kwa hasira ya mtu aliyekata tiketi kutoka mbali. Yeye alicheka mpaka akachuchumaa. Alisema mnara umetuambia mtondogoo.

Basi tukaenda kanisa la San Luca kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha, na ndipo unapoujua mji huu: umejengwa na watu waliochoka kulowa. Njia za watembea kwa miguu zina paa na nguzo, jumla yake kilomita 62, na mwaka 2021 zikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Ndefu kuliko zote ni inayopanda kilimani hadi kanisa la San Luca, matao 666, karibu kilomita 4, iliyoanza kujengwa mwaka 1674 ili maandamano ya kuishusha picha ya Bikira Maria mjini yasilowe. Kipande cha kwanza ni tambarare na mtu unajidanganya kwamba bado uko fiti. Ukishapita tao la Meloncello, mlima unaanza kukudai. Matao yana namba, lakini yeye alikataza kuzitazama, eti tuhesabu wenyewe kama zamani. Tulipofika 140 yeye, 152 mimi, tukanyamaza kwa sababu ya pumzi.

Tulipopumzika tukaanza kuhesabu watu. Kwenye picha yetu ya mwisho ya nyumba ile tuko sita. Mreno bado tunaye kwenye simu, hutuma heri ya mwaka mpya, tunamrudishia, imeisha hiyo mpaka Januari nyingine. Wapolandi wawili walioana, wakaachana, na kila mmoja akatutupa kwa kuwa tulimjua mwenzake. Wa mwisho hatukumbuki jina la ukoo wake, hata kumtafuta hatuwezi; tunakumbuka tu kwamba alikuwa akiimba bafuni na hakuwa na sauti. Zamani nilikuwa nalaumu, huyu kapotea, yule kajisahau. Nikiwa nimeegemea nguzo ya mia-na-ngapi-sijui, miguu inatetemeka, sikupata hata chembe ya lawama. Tulikuwa marafiki wa jiko moja na bafu moja, na ilitosha kwa jiko na bafu.

Jioni ya mwisho akaniongoza Piazza Maggiore bila kusema tunakwenda wapi. Nilijua. Pembeni ya uwanja kuna njia ya chini ya jengo, yenye dari la kuba, inayoitwa Voltone del Podestà. Ukisimama kwenye kona yake ukageukia ukuta na kunong'ona, aliye kwenye kona ya mkabala anakusikia kana kwamba mdomo wako uko sikioni mwake, hata kama watu wanapita katikati na makelele yao. Mwaka 2013 aliutumia ukuta huo kuniambia amefeli mtihani wa mdomo kwa mara ya pili. Wanataka alama 18 kati ya 30, hakuzifikia, na usoni mwangu alishindwa kulisema.

Nikasimama kwenye kona yangu kama mtoto aliyeadhibiwa, pua kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa na ubaridi na harufu ya vumbi lililolowa. Sauti ikaja.

“Miaka ile miwili, sikuwa na kazi nyingi. Nilikukasirikia.”

Nilikuwa nimeshawaambia watu, mara kadhaa, kwamba kati ya 2017 na 2019 ukimya wetu ulitokana na majukumu.

“Nilikuandikia ujumbe mrefu. Kwa Kiitaliano. Usiku mzima na kamusi. Ukanijibu kwa Kiingereza.”

Niliukumbuka. Nilikuwa kazini, simu iko chini ya meza, nikaona ukurasa mzima, nikasema nitausoma vizuri baadaye. Nikajibu mistari mitatu, misafi, kila nukta mahali pake.

“Nilidhani umehama nyumba,” ukuta ukasema.

Nyuma yangu familia moja ilikuwa inangoja zamu, mtoto anavuta koti la baba yake. Nikauambia ukuta naomba unisamehe. Kisha nikarudia, kwa kuwa mara ya kwanza nilikosea njeo ya kitenzi. Akanisahihisha. Naye akakosea. Mtoto akauliza kwa sauti kwa nini huyu anaongea na ukuta, baba akamwambia nyamaza, na kwenye kona ya pili nikasikia mtu anacheka huku anavuta makamasi.

Asubuhi treni yake ilitangulia. Stesheni tulipitia mlango wa pembeni, kwa hiyo chini ya saa hatukusimama. Penye ngazi za umeme aliweka begi chini akanyoosha kiganja.

“Kalamu.”

Nikajipapasa mifukoni, ya koti, ya suruali, nikachukua muda wangu.

“Geugeulpi,” nikamwambia.

Ngazi zikaanza kumshusha. Alikuwa ameshapotea kichwa na begi lote niliposikia, kutoka chini kule gizani, Kiswahili kilichokosewa lafudhi kila silabi: “Mtondogoo!” Watu watatu waligeuka kuangalia ni nani anayeitwa.