Kofia ya mjomba ilikaa kabatini miezi minne

Mie kofia za mkono nimejifunza ukubwani, nishapita miaka thelathini, kwa bibi mmoja jirani yetu hapa Unguja ambae anazishona tangu yuko mtoto. Kushona ukishazoea si tabu. Tabu yangu mie ilikuwa kumpa mtu.

Ya kwanza nilimshonea mjomba, ndo alonilea. Kila siku baada ya isha nakaa na sindano, ilinichukua kama miezi mitano maana kofia ya viua kwanza unachora kwa penseli, halafu kila kitundu unakitoboa, unakizungushia uzi mpaka kikaze, unahamia cha pili, na kofia moja ina mamia ya vitundu hivyo. Ilipokwisha nikaiweka mezani nikaitizama, nikaona ubavuni upande wa nyuma ua moja limelala, limetoka nje ya mstari. Basi kuanzia pale sikuiona kofia tena, naliona lile ua tu. Nikapita sokoni Darajani nikakuta za mashine zimepangwa, zimenyooka zote, nikajiambia mjomba yangu ataivaa mbele yangu kwa kunionea haya, nikiondoka anaivua. Nikaifunga kwenye khanga nikaitia kabatini. Idd ilipofika nikampa kikoi.

Ikakaa miezi minne mpaka siku bibi akaniuliza, kofia imemkaaje mjombaako? Nikashindwa kumdanganya. Akanambia kailete. Alipoishika hakuitizama kwanza, aliigeuza ndani nje akapitisha vidole kwenye nyuzi, anazivuta moja moja. "Uzi umekaza huu, haufumuki." Halafu akauliza mjombaako kichwa chake inchi ngapi, nikamwambia 22 na nusu, nilimpima mwenyewe. Akasema, "Na hizo za Darajani alimpima nani?"

Nikanyamaza. Lile ua alikuwa keshaliona, akanambia kulifumua ntalazimika kufumua na majirani zake, yeye angeliacha. Ila akanipa sharti moja, siku ntakayompa nisimwoneshe.

Hilo ndo lilikuwa gumu kwangu kuliko kushona kwenyewe. Mie tangu zamani nikimpa mtu kitu cha mkono wangu, foronya nlodarizi au kitambaa cha meza, naanza na kasoro, samahani hapa pamepinda, samahani rangi hii sikuipata nyengine. Sikuwahi kufikiri kuwa nikishasema hivyo mwenzangu hana njia ila aanze kupatafuta hapo palopinda, halafu anitulize aseme aa mbona pazuri tu, zawadi inakuwa yeye ndo anahangaika na mie badala ya kuifurahia. Nimewafanyia hivyo watu wengi na inaniuma.

Nikampelekea Alkhamisi makusudi ili Ijumaa aende nayo msikitini. Moyo unanienda mbio, maneno yako mdomoni kabisa, nikayameza. Akaivaa, akaenda kwenye kioo, akaishusha kidogo kwenye kipaji kama anavyopenda, akanitilia mkono kichwani akaniombea dua ndefu mpaka nikalia.

Wasiwasi haujaondoka wote, ila nimeuwekea mipaka. Kosa nikiliona usiku uleule nafumua, likishalala mpaka kesho naliacha. Kichwa cha mtu nakipima mwenyewe, sikisii, na hapo sitaki mchezo kabisa kwa sababu kofia inayobana hata iwe imeshonwa vipi haivaliwi. Na ubavu namwonesha bibi kabla sijaunga na kile kipande cha juu, wakati bado panarekebishika, maana zamani nilikuwa naonesha kazi ishakwisha, hapo ukiambiwa kosa unabaki na uchungu tu huna la kufanya.

Ramadhani hii mjomba kaja na ile kofia kaifunga kwenye leso. Ukingo umepiga manjano kwa jasho, nyuzi za viua viwili zimelika kwa kufuliwa kila mara, anataka nimshonee kabla ya Idd. Za dukani anazo mbili, nazijua, bado nyeupe pe. Nikakaa nayo barazani nikaigeuza, lile ua lilolala nikalipata palepale nyuma, nikaliacha nikaanza kushona vile viwili. Sasa nishaifua, nishaitia kanji, iko juu ya faruma, kile kigogo cha kuipa kofia umbo, inakauka.