Sauti na picha za "Detour" zimekubaliana, lakini kesi ya Al bado

Sauti yangu na picha za Detour, filamu ya Edgar G. Ulmer ya mwaka 1945 ninayoitafsiri kwa mtindo wa ma-DJ wa mabanda ya video, wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya picha, hatimaye zinakwenda pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu nzima haifiki dakika 70, lakini imenishikilia msimu mzima wa mvua hapa Uyole, Mbeya, ambapo kila tone likigonga bati huwa sina budi kuzima maikrofoni na kusubiri.

Kiini cha tatizo kilikuwa nakala mbili. Filamu hii haina tena hakimiliki nchini Marekani, ndiyo maana nakala zake mbovu zimezagaa. Nilirekodi sauti juu ya mojawapo, inayokwenda fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, kisha nikapata nakala iliyokarabatiwa mwaka 2018, safi ajabu, inayokwenda fremu 24. Asilimia nne si kitu mpaka uihesabu hadi mwisho wa filamu: sauti inaitangulia picha kwa zaidi ya dakika mbili na nusu.

Kwenye filamu ya ngumi watu wangecheka na kuendelea kutazama, lakini hapa hitilafu hiyo inabadilisha kesi. Al Roberts, mpiga piano, anaomba lifti kutoka New York kumfuata mchumba wake Los Angeles. Haskell anampakia njiani, na usiku Al anashika usukani huku mwenye gari amesinzia. Mvua inaanza, Al anasimama ili afunike gari, anafungua mlango wa abiria, na Haskell anaporomoka, kichwa kikagonga jiwe. Alikuwa amekwisha kufa kitini, au jiwe ndilo lililommaliza? Al mwenyewe hana uhakika, lakini anachukua nguo, fedha na gari la marehemu, anatoroka, na sisi hatuna shahidi mwingine isipokuwa yeye anayesimulia. Sasa sauti yangu ilipotangulia, mtazamaji alisikia kwamba Haskell amekufa wakati kwenye picha bado anasinzia, na Al akaonekana kama mtu aliyeipanga shughuli yote tangu mapema.

Nilianza kwa kuikata sauti vipande na kusogeza kimoja kimoja, kazi ya kichaa ambayo simshauri mtu. Dawa ilikuwa ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti: punguza tempo kwa asilimia nne, basi. Iwe tempo, si spidi, kwa sababu tempo inapunguza mwendo tu, lakini spidi inaifanya na sauti yenyewe kuwa nzito, nikawa nasikika kama mzee aliyeamshwa usiku wa manane. Zile programu kubwa za kuhariri video zinazosifiwa sana hazikunisaidia lolote, zaidi ya kuichemsha kompyuta yangu.

Hata hivyo, sauti ilipokaa sawa ndipo nilipoona ugumu wenyewe. DJ wa banda amezoea kueleza kila kitu, na kwa kawaida steringi, yaani mhusika mkuu, ni mtu wa haki, hivyo nilikuwa nimeweka utetezi wa Al palepale mlango unapofunguka. Shangazi yangu wa Mbalizi aliposikiliza kipande hicho aliuliza, "Mwanangu, mbona huyu anajitetea kabla hajaulizwa?" Nimekirekodi upya chini ya blanketi: mlango unafunguka, ninanyamaza kabisa, Haskell anaanguka, na utetezi unakuja Al akiwa amekwisha simama juu ya mwili. Sasa anasikika kama mtu anayejihoji mwenyewe kwanza, kabla ya kutuhadaa sisi, kama kweli anatuhadaa.

Picha nazo si za kuaminiwa sana. Baadhi ya zile za Al akiomba lifti ziligeuzwa kushoto kulia, kwa hiyo magari ya Marekani yanapita upande wa kushoto kama hapa kwetu kwenye barabara ya Tanzam, na nilizitazama mara nyingi bila kushtuka.

Nilipanga baada ya hapo niandike maandishi ya chini ya picha, lakini nimeyaweka kando, kwa sababu swali la shangazi limenipa wazo jingine: sauti ya Vera aitie yeye. Vera, anayechezwa na Ann Savage, aliwahi kupanda gari la Haskell na anajua mara moja kwamba Al si Haskell, wala haamini neno lake hata moja. Si haki mimi ninayemtetea Al niwe pia mdomo wa mwanamke anayemshtaki. Shangazi amekubali, kwa sharti kwamba asitamke matusi.

Sehemu zao za garini tumemaliza. Imebaki ile ya waya wa simu, ambapo Vera amejifungia chumbani, waya umemzunguka shingoni, na Al anauvuta kutoka upande wa pili wa mlango bila kuona anachokivuta. Pale ukimya hautatosha, kwa sababu mtazamaji anapougundua msiba pamoja na Al, sauti yangu tayari imekwisha kusema kwa niaba yake tangu mwanzo wa filamu. Nimejaribu kumpa shangazi pumzi ya mwisho badala ya maneno yangu, na kwa sasa ndicho kipande pekee ambacho hakinikeri.