Pepo wa Adhuhuri

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na neno moja la Kigiriki: akedia. Wamonaki wa jangwa la Misri, watawa wa kale walioishi huko kwa sala na kazi, walilitumia sana, na asili yake ni hali ya kutojali tena. Katika dhambi saba kuu tunazofundishwa limeishia kuwa uvivu. Kwangu hapo tumelipunja.

Evagrius wa Ponto, mmoja wao, aliyefariki huko huko jangwani mwaka 399, aliandika kwamba pepo wa akedia humvamia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane. Sisi Waswahili hatuna haja ya kuzigeuza saa hizo, maana nao walihesabu tangu jua kuchomoza. Mmonaki huona jua limeganda, siku imekuwa na saa hamsini. Huchungulia dirishani. Hutoka nje kupima jua limebakiza kiasi gani ifike saa tisa, saa ya chakula, akiangaza huku na huku labda kuna ndugu anakuja. Mwisho hukichukia chumba chake na kazi ya mikono yake, akasema ndugu hawapendani tena. Zaburi ya 91 waliyoisali kwa Kigiriki ilimtaja pepo wa adhuhuri; kwenye Biblia yetu tunasoma "uele uharibuo adhuhuri", yaani ugonjwa.

Mvivu hataki kuanza. Mmonaki huyu alianza zamani, tena kwa mapenzi. Ningeliita kukinai, kama chakula ulichokipenda mpaka siku tonge moja zaidi linapokataa kushuka.

Nalijua neno hili. Tangu Kwaresima namuuguza mama. Asubuhi namwogesha huku naimba. Ikifika saa nane uji umepoa kikombeni, mama amekaza meno, nami naitazama saa ya ukutani na kuwahesabu ndugu wasiokuja. Nampenda mama yangu, na bado nahesabu.

Hata Abba Antoni, mmonaki mashuhuri wa jangwa hilo, yalimkuta. (Abba ni baba, ndivyo walivyowaita wazee wa jangwani, na akina mama waliitwa amma.) Alimlilia Mungu: nataka kuokoka, lakini mawazo haya hayaniachi. Alipotoka nje akamwona mtu mfano wake ameketi anasuka kamba. Mtu yule akainuka, akasali, akaketi, akasuka, akainuka tena, akasali. Alikuwa malaika, akamwambia: fanya hivi, utaokoka. Antoni hakuonyeshwa mbingu zikifunguka. Alionyeshwa kamba na sala, kisha kamba tena.

Mama alikuwa msukaji wa mikeka, na ukindu wake bado uko chini ya kitanda. Jana niliulowesha, nikaketi kando yake, nikasuka kidogo, nikasali tendo moja la rozari, nikarudi kusuka. Ukili wangu ulikwenda upande. Mama akafumbua macho, akautazama, akanyoosha kidole pale nilipokosea.