Mwaka Tulioazimisha Vitabu kwa Mitaa

Serikali ilipotangaza kufunga shule kwa sababu ya korona Machi 17, 2020, vitabu vya maktaba yetu vilikuwa kabatini, kufuli juu. Utaratibu wa shule ulikuwa huo: mwanafunzi anasomea humo humo, kipindi kikiisha anarudisha, mwalimu anahesabu, basi. Shule yetu ni ya kata, iko Temeke, Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kidato cha tatu na cha nne, na maktaba nilikabidhiwa kwa sababu tu nilionekana napenda kusoma. Mkutubi aliyesomea kazi hiyo hatuna.

Tangazo lilisema siku 30. Zikaongezwa. Katikati ya masika nikaenda kuangalia kama bati limevuja, nikakuta rafu kavu, ila chumba kina uvundo na nakala za Takadini na Watoto wa Mama N'tilie zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Hizo ni riwaya ambazo mtahiniwa wa kidato cha nne anazijibia swali kwenye mtihani wa taifa. Wenyewe wapo majumbani, wanatumiana kwenye WhatsApp picha za muhtasari ulioandikwa na mtu asiyejulikana, mwandiko wenyewe hausomeki.

Mkuu wa shule nilimpigia palepale. Ni mama mtu mzima, na hofu yake ilikuwa ya haki, maana kitabu kikipotea anayeulizwa ni yeye.

"Mwalimu, hao watoto wengine wameshapelekwa mkoani kwa bibi zao. Ukivitoa utavirudishaje?"

"Tuwape waliobaki mjini, mama. Na viandikwe kwa jina langu."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Lakini kwa jina lako kweli."

Njia ya mtandao ilikuwepo, na siibezi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada mtandaoni, na kwenye redio na runinga kulikuwa na vipindi vya masomo. Ila simu janja nyumbani ni moja, ya baba, na baba akiondoka alfajiri inaondoka naye. Ikirudi usiku haina chaji wala bando. Kuchapisha steshenari ni hela kwa kila ukurasa. Kitabu cha karatasi hakiulizi bando.

Kilichonipa kazi zaidi ni daftari. La zamani lilikuwa kwa vidato na mikondo: 3A, 3B, na kadhalika. Shule ikiwa imefungwa, mpangilio huo haunisaidii kitu, kwa sababu mtoto wa 3A anaishi Mbagala na jirani yake wa dawati yupo Keko. Nikachukua kaunta buku mpya, nikaipanga kwa mitaa: Tandika, Mtoni, Keko, Yombo, Mbagala. Kila mtaa nikautafutia kiranja mmoja, na sikuwachagua kwa maksi. Nilitafuta watoto ambao nyumbani kwao kuna mtu mzima anayeshinda hapo: mama mwenye genge, bibi, fundi cherehani wa barazani. Mzazi nilimwomba ruhusa kwanza. Kiranja anapokea furushi la vitabu, wenzake wa mtaa wanabadilishana kwake, mimi nazungukia furushi baada ya muda na kulihamishia mtaa mwingine. Daladala wakati huo zilikuwa zinabeba leveli siti, hakuna kusimama, kwa hiyo kituoni unaweza kusubiri mpaka ukajuta. Mara nyingi nilichukua boda.

Suala la maambukizi tuliliendesha kwa akili ya kawaida. Karatasi huwezi kuipiga sabuni. Kitabu kikirudi kinakaa kwenye boksi lake siku kadhaa, hakiguswi, ndipo kinatoka. Mikono inaoshwa kwenye ndoo yenye koki, kama ilivyokuwa kila mlango wa mji huu mwaka ule. Kuna mama mmoja alianika vitabu vyote juani kwenye kamba kama nguo, akavibania na vibanio. Jalada moja lilijikunja hadi leo halijanyooka, lakini nani atamlaumu.

Nyuma ya kila kitabu tulibandika kipande cha karatasi kwa gundi ya unga wa ngano. Safu tatu: jina, tarehe, na "umeishia ukurasa wa ngapi". Ya tatu niliiweka ili nijue nani amemaliza. Ikanifundisha zaidi ya hapo. Kwenye kitabu kimoja cha hadithi za Kiingereza, wasomaji wote wa Tandika walikuwa wameishia kati ya ukurasa wa 9 na wa 12. Nikakifungua. Ukurasa wa 9 ndipo mvulana wa hadithi anapoanza kuteleza kwenye barafu kwa vifaa ambavyo mimi mwenyewe sivijui majina. Tuna rafu nzima ya namna hiyo, vitabu vya msaada vilivyofika kwenye maboksi, pamoja na miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kufa. Tulivipanga mbele kwa sababu vina majalada magumu na wageni wakija vinapendeza. Niliviondoa kwenye mafurushi, nikajaza nafasi kwa hadithi fupi za Kiswahili na riwaya za upelelezi nilizonunua kwa wauza vitabu vya mtumba wa Posta. Hizo karatasi zake zilijaa majina mpaka nikabandika za pili, na mengine hayakuwa ya wanafunzi wangu. Kuna "Mama Zuu" aliyeishia mwisho. Kuna "babu" tu, bila jina, ukurasa wa 40, kisha wa 88, kisha "nimemaliza, leteni kingine".

Binti mmoja wa kidato cha pili, wa Mtoni, nilimkuta anamsomea mama yake huku mama anapepeta mchele wa biashara.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Mimi nilishamaliza, mwalimu. Hapa narudia, mama alikuwa sokoni jana, kuna sehemu imempita."

Mama mtu akacheka, akasema huyo muuaji ameshamjua, anangoja tu kuthibitisha.

Kidato cha sita walirudi shuleni Juni 1, na sisi wengine Juni 29. Ratiba ilibanwa kufidia muda, na vipindi vya maktaba vilikuwa vya kwanza kukatwa. Sikupigana na hilo. Mtihani wa kidato cha nne mwaka ule ulianza Novemba badala ya kuahirishwa hadi mwaka mwingine, na kila dakika ilikuwa ya hesabu na fizikia. Nilichoomba ni kitu kimoja: kufuli lisirudi kwenye mlango wa kuazima. Mafurushi yakaendelea kwenda mitaani Ijumaa jioni na kurudi yanaporudi.

Vilivyopotea vipo. Vingine vilikwenda mkoani na wenyewe hawakurudi Dar, kimoja kilipatwa na maji ya mvua, na kimoja nina hakika kipo kwa yule babu. Mama mkuu aliniita, tukakaa na daftari, akapitia mstari kwa mstari. Kwa vya kiada alinitaka nitafute nakala nyingine, nikatafuta. Kwa riwaya za upelelezi aliuliza tu kama nina ya pili ya ile yenye jalada jekundu, maana aliyoazima yeye imekatika kurasa za mwisho.