Bomba la gesi la jiko la muchomo uani: anza na moto, bomba baadaye

Uganda haina mabomba ya gesi asilia yanayofika majumbani kama yale ya baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam na Mtwara. Gesi yetu inatoka mtungini, kwa hiyo hesabu zote hapa ni za LPG. Jambo hili lina uzito wake, maana majiko mengi ya nje yanayoletwa kwa kontena yana kibandiko cha "NG" nyuma, yaani yametengenezwa kwa gesi asilia. Matundu ya jeti zake, yaani vipande vidogo vinavyopitisha gesi kwenda kwenye moto, ni mapana. Ukiyafungia LPG, moto unatoka mara mbili au zaidi ya uliokusudiwa, wa njano na wenye masizi, na vifundo vya mbele vinaanza kulainika. Soma kibandiko kabla ya kulipa, na udai jeti za LPG za jiko hilohilo. Kuziba tundu na kulitoboa upya kwa kubahatisha ni kuchezea moto.

Sasa hesabu. Jumlisha nguvu za bana (vichwa vya moto) zote, na ile ya pembeni usiisahau. Kama zimeandikwa kwa BTU (kipimo cha joto) kwa saa, gawanya kwa 3,412 upate kilowati. Jiko la BTU 51,000 ni kama kilowati 15, na hilo linakula zaidi kidogo ya kilo moja ya gesi kwa saa likiwashwa lote.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hununua bomba nene, kisha wanalifunga kwenye mtungi wa kilo 12 wenye regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) ya jiko la jikoni. Gesi iliyo kimiminika lazima ichemke ndani ya mtungi, na joto la kuichemsha inalipata kupitia ukuta wa chuma. Ukiivuta kwa kasi mtungi unapoa, unatoa jasho, na presha inashuka. Mtungi uliobaki robo ni mbaya zaidi, kwa sababu eneo lililolowa ndani ni dogo. Mtungi wa kilo 12 au 13 hutoa takriban nusu kilo hadi kilo moja kwa saa, na usiku wa baridi kule Kabale hupungua. Kwa kilowati 15 weka mtungi wa kilo 45, au miwili midogo iliyounganishwa pamoja.

Regyuleta iwe ya presha ndogo, milibari 30, isiyorekebishwa, na iandikwe angalau kilo 1.5 kwa saa. Ile yenye kifundo cha kuzungusha kuongeza presha ni ya majiko makubwa ya hoteli. Usikubali muuzaji akwambie zote ni sawa.

Bomba lenyewe ndiyo sehemu rahisi. Shaba ya milimita 15 kwa mita 10, ikibeba kilowati 15, hupoteza milibari 0.2 hadi 0.3 tu za presha. Kwa mita 20 ni kama nusu milibari. Shaba ya milimita 10 kwa mita 10 hupoteza karibu 2, na hapo umefika ukingoni. Mpira wa milimita 8 ukivutwa mita 10 hupoteza 3 au zaidi, na bana zote zikiwashwa moto unalegea. Kila elbo ihesabu kama nusu mita ya bomba. Kama unamwaga zege sasa na unataka bomba litakalofaa gesi asilia siku ikifika, laza milimita 22, maana gesi asilia huhitaji ujazo zaidi ya mara mbili kwa moto uleule.

Mtungi ukae nje, wima, kwenye sakafu ngumu, angalau mita 2 kutoka mtaro au shimo lolote. LPG ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutulia. Kwa sababu hiyohiyo, jiko lililojengewa kaunta ya matofali lazima liachiwe matundu ya hewa chini kabisa, pande mbili. Mafundi wengi huyaweka juu, mahali ambapo hayasaidii kitu. Koki moja iwe mtungini, nyingine karibu na jiko lakini isiwe nyuma ya moto. Mpira wa mwisho usizidi mita 1.5. Bomba likipita ardhini, lifukiwe sentimita 45, liwe na ganda la plastiki, na lisiwe na kiungo chochote humo. Likipita ukutani, livishwe bomba kubwa zaidi. Bomba la plastiki la maji, PPR, halifai kabisa. Tepu nyembamba nyeupe ya maji nayo iache dukani, chukua ile nene ya gesi.

Kabla ya kuunganisha jiko na regyuleta, ziba ncha za bomba, jaza hewa hadi milibari 200 hivi, na uangalie geji kwa dakika 10. Sindano isisogee. Geji ya matairi haitaonyesha kitu kwenye presha hiyo, tafuta ya bari 0 hadi 1. Baada ya kufungulia gesi, paka povu la sabuni kila kiungo.

Kipimo cha mwisho hakigharimu kitu: mpira mwangavu uliokunjwa kama U, wenye maji, uunganishwe karibu na jiko. Milibari moja ni karibu sentimita moja ya tofauti kati ya maji ya pande mbili. Washa bana zote. Tofauti ikibaki sentimita 28 au zaidi, kila kitu kiko sawa. Ikishuka hadi 20, funga bana moja moja: ikirudi juu polepole, mtungi umepoa, ikirudi papo hapo, regyuleta au bomba ni dogo.

Bana moja tu ikilegea au kupiga mlio wa moto kurudi nyuma, usiguse presha. Chomoa mrija wake uangalie ndani. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo jiko likikaa wiki chache bila kuwashwa. Sugua kwa brashi ndefu, kisha funika mdomo wa hewa kwa wavu mwembamba wa chuma.