Kidonge cha Jumatano

Kila nikitaja methotreksati, hakosi mtu wa kuniambia: "Mama, si dawa ya saratani hiyo? Itakumaliza ini." Ni kweli hutumika kwa saratani, ila kwa dozi kubwa mno. Sisi wenye baridi yabisi ya soriasisi, yaani ugonjwa wa viungo unaoandamana na ule wa ngozi yenye magamba, hupewa dozi ndogo, mara moja kwa wiki. Siku yangu ni Jumatano, nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kopo, maana wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kabla ya dawa, kidole cha kati kilivimba chote, shina hadi ncha, kama soseji. Hakikupita kwenye tundu la mkasi. Diklofenaki ilinituliza maumivu, lakini haizuii ugonjwa kula mifupa, na kiungo kikishaharibika hakirudi kama zamani. Tena ukiizoea inaleta vidonda vya tumbo, presha na kuumiza figo. Methotreksati ilikawia wiki kadhaa, kisha asubuhi vidole vikaanza kukunjika. Leo nakata vitenge mwenyewe.

Alhamisi huwa na kichefuchefu. Asidi ya foliki, ninayomeza siku nyingine, imenipunguzia. Pombe sigusi, na damu napimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Na wewe binti unayetaka mtoto, zungumza na daktari mapema kabla hujashika mimba, kwani dawa hii humdhuru mtoto tumboni.

Ninachokiogopa zaidi ni Septrin, dawa ya kuua bakteria. Mkojo ukikuchoma, ukienda duka la dawa unaweza kupewa hiyo hiyo. Ikikutana na methotreksati inaweza kuudhoofisha uboho, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, hadi chembe za damu zishuke vibaya, na hilo linaua. Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza bei, nasema kwanza natumia nini. Ukiona vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ndugu yangu.

Daktari amenieleza pia kuhusu sindano za adalimumabu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, endapo vidonge vitashindwa. Zina nguvu na bei yake ni kubwa, lakini zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Lazima nipimwe kwanza, pamoja na homa ya ini B. Nimemwambia marehemu baba aliugua kifua kikuu tukiishi nyumba moja, naye ameandika kwenye faili.