Jinsi nilivyomaliza ugomvi wa kuchelewa kazini

Timu ninayoisimamia ilichelewa kila asubuhi, na barua za onyo hazikubadilisha kitu isipokuwa sura za watu. Tukakubaliana saa za lazima: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kila mtu awepo, na vikao vyote viwe humo. Kabla na baada, kila mmoja ajipangie, mradi atimize saa zake nane. Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya ndege ya Messerschmitt-Bölkow, Ujerumani, ililianza mwaka 1967 kwa sababu ya foleni za magari. Dawati la mapokezi ndilo lililonisumbua, maana mteja hangoji. Pale tuliweka zamu. Siku hizi anayeingia saa nne na robo huulizwa na wenzake, si mimi.